Injini Iishi Kuliko Deni: Historia ya Oili Safi na Nani Hulipia Saa ya Kusimama

Wasee, leo tuongee historia, lakini si ile ya wafalme na mikataba. Tuongee historia ya oili ya injini. Najua kuna mtu tayari amesema, "Zii, hayo ni maneno ya mafundi." Ngoja kwanza. Kama unaishi Kibera ama Kawangware, kuna uwezekano mkubwa mtu wa karibu yako anakula kutokana na injini. Anko ni dere wa 46. Bro anaendesha boda ya mkopo pale Makina. Jirani ana mashine ya kusaga unga Gatina. Injini hiyo ikikufa, karo imekufa, na rent pia imekufa.

Na uliza fundi yeyote wa jua kali: injini nyingi anazofungua hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa uchafu. Oili imekaa mpaka ikawa uji, filta imeziba, beringi zimelika, injini imeanza kugonga. Halafu watu wanasema, "Madere wetu hawajali." Hapo ndipo mimi nakataa. Ukifuata historia ya hii kitu tangu mwanzo, utaona swali halijawahi kuwa nani anajali. Swali limekuwa ni lile lile miaka zaidi ya 150: mashine ikisimama ili itunzwe, ni nani anapoteza hiyo saa?

Treni ilipokuwa inasimama kila saa

Tuanze na jamaa anaitwa Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky, Marekani, wakatoroka hadi Kanada, na huko ndiko alikozaliwa miaka ya 1840. Wazee walijinyima, wakampeleka Scotland kusomea ufundi wa mitambo. Akarudi Marekani akiwa na ujuzi kamili, lakini kampuni ya reli ikamwambia kazi ya uinjinia si ya mtu mweusi. Ikampa kazi ya kutia makaa ya moto na kupaka treni oili.

Kupaka oili wakati huo ilikuwa hivi: treni inatembea kidogo, inasimama, mtu anashuka na mkebe anazunguka akitia oili kwenye ekseli na beringi, kisha anapanda, mnaenda tena. Usiposimama, vyuma vinasuguana mpaka vinaungua. Ukisimama, kampuni inapoteza wakati na pesa. McCoy, aliyekuwa akishuka na kupanda hivyo, ndiye aliyetengeneza kifaa cha kudondosha oili chenyewe mashine ikiwa bado inafanya kazi. Alipata hataza mwaka 1872.

Angalia ni nani aligundua. Hakuwa mwenye kampuni ofisini. Alikuwa mtu wa mkebe, yule aliyelipia kusimama kwa miguu yake. Hiyo weka kando, tutairudia.

Kizibo kilichokataa kukaa

Shida ni kwamba watu walijua oili inasaidia, lakini hawakujua inafanya nini hasa. Wengi walidhani inafanya tu chuma kiteleze, kama vile unavyopaka mafuta mlango unaolia.

Mwaka 1883 Uingereza, injinia Beauchamp Tower alipewa kazi na chama cha wahandisi mitambo achunguze beringi za ekseli za reli. Akatoboa shimo juu ya beringi ili atie oili. Mashine ikizunguka, oili ikawa inatoka kwa lile shimo badala ya kuingia. Akaziba na kizibo cha mti. Kizibo kikasukumwa nje. Hapo akajua kuna presha kubwa ndani. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaandika hesabu ya kueleza kwa nini: chuma kinapozunguka, kinaivuta oili hadi kwenye nafasi nyembamba, na oili inajenga presha inayoinua chuma. Yaani injini ikiwa nzima, vyuma vyake havigusani. Vinaelea.

Hii ndiyo kitu moja ningetaka ukumbuke kwa hii stori yote. Mathree ya abiria 33 ikipanda Valley Road imejaa, kranki yake inaelea juu ya tabaka la oili la maikroni chache tu. Maikroni 1,000 ndizo zinafanya milimita moja. Unywele wako ni kama maikroni 70.

Sasa fikiria chembe ya vumbi ya maikroni 15 ikiingia hapo. Huwezi kuiona kwa macho. Lakini ni nene kuliko hilo tabaka. Itashika pande zote mbili na kukwaruza, kila mzunguko, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Na ile chuma inayotoka kwa mkwaruzo inakuwa chembe nyingine, nayo inaenda kukwaruza mahali pengine. Uchafu unazaa uchafu.

Filta ilikuja imechelewa

Magari ya kwanza hayakuwa na filta ya oili. Ford Model T, lile gari lililouzwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, halikuwa hata na pampu ya oili. Vyuma vilivyozunguka chini vilichota oili na kuirusha juu, ikidondoka inadondokea inapodondokea. Dawa ya uchafu ilikuwa moja tu: mwaga, weka mpya, na ufanye hivyo kila baada ya maili mia kadhaa. Tena mashine isimame.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Ernest Sweetland na George Greenhalgh wa Marekani wakaunda filta ya oili ya gari, wakaiita Purolator, jina walilofinyanga kutoka maneno yenye maana ya "oili safi baadaye". Chrysler alipotoa gari lake la kwanza mwaka 1924, filta ilikuwa ndani. Wazo ni lile la McCoy, lakini hatua moja mbele: yeye alifanya oili iingie bila kusimama, hawa wakafanya oili isafishwe bila kusimama.

Lakini filta nayo ni kama dustbin. Inajaa. Ikijaa kabisa, injini nyingi zina valvu inayofunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Kwa hivyo mwenye gari anaona filta iko pale, imefungwa vizuri, na kumbe oili inapita kando. Filta ipo kwa jina tu.

Na ubora wa filta si mchezo. Mwaka 1988 General Motors walipima: ukitoka kwa filta ya kuzuia chembe za maikroni 40 ukaenda kwa ya maikroni 30, kulika kwa injini kunapungua kwa nusu. Ukienda ya maikroni 15, kunapungua kwa asilimia 70 hivi. Injini ni ile ile. Kilichobadilika ni filta.

Kwa nini oili nyeusi inadanganya

Hapa kuna kitu watu wengi mtaani wanakosea, hata mafundi wengine. Unavuta kijiti cha kupimia, unaona oili ni nyeusi, unasema imeharibika. Ama unaona bado ina rangi ya asali, unasema iko sawa. Rangi haiwezi kukwambia hivyo.

Miaka ya 1930, matrekta ya dizeli ya Caterpillar yalikuwa yanasumbua. Masizi ya dizeli yalikuwa yanaganda kwenye ringi za pistoni mpaka zinakwama. Filta haikutosha, kwa sababu masizi ni madogo mno, yanapita. Katikati ya hiyo miaka kampuni za mafuta zikaanza kutia ndani ya oili dawa zinazofanya kazi kama sabuni. Sabuni hiyo inashika masizi na kuyafanya yaelee kwenye oili, yasigande kwa chuma, mpaka siku ya kumwaga.

Kwa hivyo oili ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya sevisi inaweza kumaanisha inafanya kazi yake, kama vile maji ya kufulia yanavyokuwa meusi nguo zikitakata. Tatizo ni kwamba sabuni huisha. Maji ya kufulia ukiyatumia kwa beseni ya tano, unapaka nguo uchafu. Na hakuna jicho linaloweza kuona sabuni imeisha lini. Unahitaji kuhesabu kazi ambayo injini imefanya.

Mathree zilirithi barabara, hazikurithi gereji

Sasa turudi nyumbani. Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934. Sema unachotaka kuhusu kampuni ya wakoloni, lakini ilikuwa na depo Eastleigh. Basi lilikuwa na mahali pa kulala, na huko kulikuwa na mafundi walioajiriwa, stoo ya oili na vitabu vya kuandika. Basi moja likisimama kwa sevisi, yapo mengine ya kuingia barabarani. Dere alilipwa mshahara wake hata kama basi lake limewekwa juu ya mawe. Saa ya kusimama ililipwa na kampuni.

Halafu kuna mathree. Zilianza kama magari ya magendo, watu wakilipa mapeni matatu ya senti kumi, ndipo jina likatoka. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akatoa amri kwamba zibebe abiria bila leseni maalum. Zikafika mitaa ambayo basi kubwa halikutaka ama halikuweza kufika. Kawangware na Kibera zingekuwa mbali sana na kazi bila mathree, hilo nakubali mia kwa mia.

Lakini angalia kilichobaki nyuma. Barabara tulipata, abiria tulipata, ila depo hatukupata. Gari moja, mwenyewe mmoja, dere mmoja, na fundi aliye kando ya Ngong Road ama Grogan chini ya jua. Mwenyewe anataka tageti kila jioni. Dere na konda wanakula kinachobaki baada ya tageti na dizeli. Gari likisimama asubuhi moja kwa sevisi, dere hapati kitu siku hiyo, na mwenyewe hapati tageti. Oili inanunuliwa na mwenyewe, lakini anayejua injini imeanza kulia ni dere. Anayejua hana sababu ya kusimama, na mwenye sababu hajui.

Ndiyo maana tulijenga desturi ya kuongeza. Injini inakula oili? Ongeza lita. Wiki ijayo ongeza tena. Kuongeza kunachukua dakika mbili steji, kubadilisha kunachukua nusu siku. Ukiongeza lita moja mpya juu ya lita nyingi zilizochoka, umetia kikombe cha maji safi kwa beseni ya maji machafu.

Na usidhani serikali ilikuwa na jibu. Nyayo Bus Service ilianzishwa 1986 ikiwa na mabasi mapya. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeporomoka na mabasi mengi yamekaa tu yadi. Hapo depo ilikuwepo, lakini injini hazikuwa na mwenyewe wa kuzilia. Kisha 2004 John Michuki akaleta sheria zake: vidhibiti mwendo, mikanda, abiria kuketi, mstari wa manjano. Ziliokoa maisha na nampa heshima yake. Lakini zilihusu kile abiria na polisi wanaona. Kilicho chini ya boneti kiliachiwa mwenye gari.

Hesabu ya jamu

Kuna namba kila mtu anaimba: badilisha oili kila kilomita 5,000. Sasa chukua magari mawili. Moja linaenda Nakuru kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa. Litamaliza kilomita 5,000 kwa saa 100. Lingine liko kwa jamu ya Ngong Road, kusimama na kwenda, wastani wa kilomita 10 kwa saa. Kilomita zile zile litazimaliza kwa saa 500. Injini imezunguka mara tano zaidi ya muda, imechoma dizeli ikiwa imesimama, imetoa masizi na joto, na mita ya kilomita haijahesabu. Kwa mathree ya mjini, namba hiyo imetungwa kwa barabara ya watu wengine.

Ongeza vumbi. Njia nyingi za ndani za mitaa yetu ni udongo, na ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko beringi yoyote. Vumbi nyingi huingia injini kupitia hewa, si kupitia oili. Kwa hivyo ile filta ya hewa inayopulizwa kwa kompresa mara kumi mpaka karatasi imetoboka ndiyo mlango wenyewe. Na kile kitambaa kilichochomekwa mahali kifuniko cha oili kilipotea ni mlango mwingine.

Kitu kimoja kimekuwa afadhali. Dizeli ikiwa na salfa nyingi, inapochomeka inatengeneza asidi inayomaliza dawa za oili haraka. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishuka kutoka kiwango cha salfa cha sehemu 500 kwa milioni hadi 50. Wengi walisifia hewa safi. Injini pia zilishukuru.

Boda: injini yako, deni lako

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na barabara zikajaa. Boda ni hadithi tofauti na mathree, kwa sababu mara nyingi anayeendesha ndiye atakayemiliki. Anachukua kwa mkopo, analipa kila siku, mwaka na zaidi. Hapa hakuna dere na mwenyewe wa kulaumiana. Mtu ni mmoja.

Lakini mtego upo. Pikipiki nyingi hizi zina oili lita moja hivi peke yake. Hiyo lita moja inalainisha injini, gia na klachi, na inapoza pia. Nyingi zina kichujio cha waya tu badala ya filta ya karatasi, yaani kinashika vipande vikubwa na kuachilia vile vya maikroni 15 vinavyoua. Lita moja, bila filta ya maana, saa 12 kwa siku kwa vumbi. Hii oili inachoka mbio kuliko ya gari lolote.

Na malipo ya mkopo hayasimami injini ikikufa. Hapo ndipo nimeona vijana wakinaswa: pikipiki inakunywa oili na kutoa moshi wa samawati, bado kuna miezi ya deni. Unalipia chuma ambacho hakiingizi kitu. Kwa hivyo kipimo changu ni kimoja, injini iishi kuliko deni. Bei ya lita moja ya oili halisi ni ndogo sana ukiilinganisha na pistoni, ringi, silinda na siku za kukaa nyumbani.

Nimesema oili halisi kwa makusudi. Kuna oili inapimwa kutoka kwa mtungi usiojulikana, nyingine ni iliyotumika, imechujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwa chupa yenye lebo safi. Tuna sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008, lakini sheria haiko steji saa kumi na mbili asubuhi. Nunua mahali unaweza kurudi kulalamika. Na ukimaliza chupa, itoboe ama uikate, ili isirudi sokoni imebeba uongo.

Kwa hivyo tufanye nini?

Wenye mathree: acheni kuandika sevisi kwa kilomita peke yake. Hesabuni siku za kazi, na siku ya sevisi mkate tageti, ama mlipe dere hata kitu kidogo. Mkifanya hivyo, dere atawaambia ukweli kuhusu injini, kwa sababu ukweli hautamlaza njaa. Hiyo itawasaidia kuliko kumtukana.

Sacco: mna pesa za wanachama na mna magari mengi pamoja. Hicho ndicho KBS ilikuwa nacho. Kununua oili kwa pipa kutoka kwa msambazaji halali, kuwa na fundi mmoja wa kudumu na daftari la kila gari, hiyo ni depo ndogo. Rangi na muziki vinavutia abiria, sibishi, lakini hakuna bango la graffiti limewahi kuokoa kranki.

Watu wa boda: mbogi ya steji moja inaweza kufanya zamu. Jumapili moja, watu wote wanabadilisha pamoja, oili inanunuliwa kwa jumla, na kila mtu anaandika tarehe kwa tepu chini ya kiti. Oili ya zamani wekeni kwa mtungi, mpeleke kwa wanaokusanya. Ikimwagwa kwa mtaro wa Kibera inaishia Nairobi Dam, na tayari ile maji imeteseka vya kutosha.

McCoy hakuwa na ofisi, alikuwa na mkebe na uchovu. Mtu aliye karibu na mashine ndiye huona shida kwanza, na hapa kwetu huyo mtu ndiye dere na ndiye mtu wa boda. Kazi iliyobaki ni kupanga pesa zetu ili saa ya kusimama isimwangukie yeye peke yake. Kwa hivyo mtumie hii anko wako wa 46, halafu umuulize swali moja: siku ya sevisi, wewe hulipwa na nani?